Asifuye Mvua: Sifa za Viza ya Mfanyakazi Stadi

Miongoni mwa vitu ambavyo Huruma, mtaa wa maghorofa yaliyobanana kando ya Mathare upande wa mashariki wa Nairobi, haijavitungia sifa zinazostahili, viza ya kazi ya muda yafaa itangulizwe, kwa kuwa hakuna kingine kilichowafunza wakazi wake subira kwa kiasi hicho, ukiacha mfereji wa maji. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea, na sifa hizi ni za kundi la walionyeshewa: wauguzi, wahandisi na wataalamu wa kompyuta ambao sheria za ng'ambo huwaita wafanyakazi stadi, yaani watu wenye ujuzi uliothibitishwa ambao mwajiri wa kigeni yuko tayari kuwadhamini kwa kipindi chenye mwisho.

Muuguzi ndiye mfano bora, kwa sababu mwezi wa Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kumfungulia njia ya kwenda kufanya kazi huko. Viza yake, iliyoanzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya wahudumu wa afya, imejengwa juu ya mfumo wa alama unaomtaka mwombaji afikishe 70: 20 za kupata kazi kwa mwajiri mwenye leseni ya udhamini, 20 za kiwango cha kazi yenyewe, 10 za Kiingereza, na 20 zinazotokana hasa na mshahara. Uadilifu wa mfumo huu haufichiki, maana aliyepata 60 hapewi viza ya kumfikisha nusu ya safari.

Fadhila zake ndogondogo zitajwe haraka. Huwatajirisha wenye saiba, ambao hutoza kila ukurasa unaochapishwa. Humpa raia fursa ya kuthibitishiwa na polisi, kwa Sh1,050 na alama za vidole vyote kumi, kwamba hana rekodi ya uhalifu, jambo ambalo mama yake angelisema bure. Hukuza pia ubunifu katika jiografia, kwa kuwa fomu hutaka nambari ya nyumba na jina la barabara kutoka kwa mtu ambaye anwani yake halisi ni kushuka karibu na wauza mbuzi wa Kiamaiko, kuulizia ploti kwa jina la mwenyewe, kisha kupanda hadi ghorofa ya tano kwenye mlango wenye pazia la kijani.

Fadhila kuu, hata hivyo, ni ya kisayansi. Kabla ya viza, wataalamu wa lugha waliamini kwamba lugha ikishamkaa mtu tangu utotoni haimtoki kirahisi. Viza imegundua kwamba Kiingereza cha muuguzi wa Huruma huchacha. Matokeo ya mtihani wa IELTS, ambao hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, hudumu miaka miwili tu, kama pakiti ya maziwa iliyopigwa muhuri wa tarehe, ila kwa muda mrefu kidogo. Siku ya 730 mwombaji huyu ana uwezo wa kumweleza daktari wa Leeds hali ya mgonjwa mwenye kisukari. Siku ya 731 amekuwa bubu, na haijulikani Kiingereza hicho kimevujia wapi usiku huo, iwapo ni mtaroni au kwa jirani wa chini. Sehemu nyingine za mwili zina tarehe zake. Cheti kinachoonyesha kwamba mapafu hayana kifua kikuu huishi miezi sita, kwa hiyo imethibitika kwamba Kiingereza kina uimara mara nne ya kifua, ilhali cheti cha udhamini, ambacho ndicho ahadi ya mwajiri, hutakiwa kutumiwa ndani ya miezi mitatu, nusu ya umri wa mapafu. Ustadi unaopimwa hapa basi si wa kutunza wagonjwa bali wa mpishi mwenye jiko moja la makaa anayetakiwa githeri, chapati na chai viive kwa dakika ileile, huku afisa wa pasipoti akikaa na kiberiti.

Mtihani wenyewe una utukufu wake. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hutaka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na huridhika na 6.5 katika kuandika, ambako mtahiniwa hueleza mchoro wa takwimu kwa maneno yasiyopungua 150 na kutunga insha ya maneno 250, yote kwa saa moja. Muuguzi wa Kenya alifundishwa kwa Kiingereza, akatahiniwa kwa Kiingereza, na huandika ripoti ya zamu kwa Kiingereza kila alfajiri. Katiba ya nchi yake, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Wengi wa walimu wake walivishwa shuleni kibao kilichoitwa monto, ambacho mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alikivaa shingoni hadi amnase mwenzake. Pamoja na hayo yote, katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi ushahidi wa Kiingereza, Malta imo na Kenya haimo. Huu ni upuuzi, na haupungui kwa kuandikwa kwa wino mzuri.

Lakini Malta haikumkosea mtu. Mnamo Novemba 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani huo ni 10 tu waliofaulu, na nchi ikacheka. Kila mwenye simu akawa mwalimu wa sarufi. Wachache mno walijiuliza swali lililokuwa wazi katika habari yenyewe, yaani ilikuwaje serikali ikawa na wauguzi waliosomeshwa, wakasajiliwa, na wakabaki nyumbani hadi wakatosha kupelekwa nje, katika nchi ambayo wodi zake za usiku hulia kwa uhaba wa wauguzi. Mkataba wenyewe ulitangazwa hadharani kuwa wa wauguzi wasio na kazi, na waliotangaza hawakuona haya. Kaunti, zilizokabidhiwa huduma nyingi za afya tangu mwaka 2013, husema hazina fedha za kuajiri. Serikali kuu husema kuajiri ni kazi ya kaunti. Na wauguzi walipogoma mwaka 2017 kwa takriban miezi mitano, hakuna upande uliokimbilia kuwa na huruma, hata ya jina. Baadaye ukaja mpango wa serikali uitwao Kazi Majuu, ambapo ajira za nchi za watu hutangazwa na mawaziri kama mavuno ya shamba lao.

Nyuma ya mawaziri huja mawakala. Kanuni za Uingereza humkataza wakala kumtoza mhudumu wa afya ada ya kumtafutia kazi, na kwa hiyo hakuna anayeitoza. Kuna ada ya ushauri, ya faili, ya kuharakisha, na ya mtu fulani ambaye hatajwi jina.

Katika ghorofa ya tano, kando ya mtungi wa maji wa lita 20, bahasha ya eksirei imetimiza mwezi wa tano. Saa nne za usiku mlango hugongwa, na mama wa ghorofa ya pili, ambaye presha imempanda, huingia bila kusema hodi mara ya pili, akavuta kigoda na kukunja mkono wa kanzu. Muuguzi husogeza bahasha ile pembeni ili apate pa kuweka kimashine cha kupimia.