Ratiba, Matope na Vidonge vya Mkaa

Safari ya uhifadhi, yaani ile ambayo wanafunzi wa chuo huifunga kwenda nchi ya joto kwa nia ya kuwasaidia wanyama walio hatarini kutoweka, hutofautiana na utalii kwa jambo moja kubwa: mtalii hulipa nauli ili apumzike, na mwanafunzi hulipa nauli ileile ili achoke. Kikundi kinachozungumziwa hapa kilikuwa cha watu kumi na watatu, kilitoka katika chuo kimoja cha Ujerumani kisicho na haja ya kutajwa, na kilishuka Unguja kikiwa na darubini, kamera za mtego, ambazo hufungwa mtini zikapiga picha zenyewe kila kitu kipitacho mbele yake, na ratiba ya kurasa kumi na moja iliyochapwa kwa rangi nne. Mkalimani wao, ambaye ndiye mwandishi wa mistari hii, alikuja na mwavuli tu, na huo nao aliusahau kwenye daladala.

Kilichowaleta kilikuwa kima punju, kima mwekundu mgongoni na mwenye nywele nyeupe zilizotimka kuzunguka uso, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani ila Unguja. Wataalamu humweka katika jamii ya kolobasi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kiumbe aliyekatwa kiungo, kwa kuwa mkono wake umekosa kidole gumba kilichokamilika. Wenyeji walikwisha kumpa jina lao kabla Wagiriki hawajaulizwa: punju ni sumu, na wazee walikuwa wakisimulia kwamba mbwa akimla kima huyu hunyonyoka manyoya. Sensa ya kina iliyochapishwa miaka michache iliyopita ilihesabu zaidi ya kima punju 5,800, idadi iliyowafurahisha watafiti kwa kuwa makadirio ya awali yalikuwa chini zaidi, ingawa mnyama huyu bado yumo katika orodha ya walio hatarini.

Ratiba ilitenga siku mbili nzima za kumtafuta. Msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, uko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini, na kikundi kilipofika langoni, huku wanafunzi wakiwa wamejipaka rangi za kijani usoni na wakinong'onezana kama wezi wa kuku, kilikuta kima punju wapatao ishirini wamelala juu ya miti ya kando ya barabara, miguu ikining'inia, mbele ya mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa. Siku mbili za utafutaji zikawa zimekwisha kabla ya chai ya saa nne, na mkufunzi wa kikundi, badala ya kushukuru, alionekana kama mtu aliyeibiwa.

Hapo ndipo kijana mmoja alipotoa ndizi mbivu, jambo ambalo mlinzi wa hifadhi alikuwa amelikataza dakika tano tu zilizotangulia. Kima punju ana tumbo lenye vyumba kama la ng'ombe, ambamo bakteria huchachusha majani na matunda mabichi, na sukari ya tunda bivu huvuruga uchachushaji huo, kwa hiyo kima aliyelengwa aliitazama ndizi kwa upole na kugeuza uso. Hata hivyo msitu huo una pia kima wa kijivu ambaye tumbo lake halichagui, na huyo alishuka kwa nyuma, akachukua ndizi, akachukua na karatasi ambayo kijana alikuwa akiandikia takwimu. Mlinzi alimwambia mkalimani, "Mwambie huyu kijana, kima kamzidi akili." Mkalimani alitafsiri kwamba mlinzi anasikitika kwa upotevu wa takwimu.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu kikundi kilizuru bustani ya Forodhani huko Mjini, na hapo wanafunzi walikunywa urojo, mchuzi mzito wa njano wenye ukali wa ukwaju na embe mbichi, unaotiwa bajia, viazi na pilipili ya kutosha kumkumbusha mtu madeni yake. Ingekuwa dhulma kuulaumu urojo peke yake, kwa kuwa wengine walikunywa bakuli tatu, lakini kulipopambazuka wahifadhi tisa kati ya kumi na watatu walikuwa wakigombania mlango mmoja. Mkufunzi alifungua sanduku la dawa na kugawa vidonge vyeusi, ambavyo Wajerumani huvitumia kwa tumbo la kuendesha na ambavyo kwa hakika ni mkaa uliosagwa na kushindiliwa, kwa kuwa mkaa una tabia ya kunasa kemikali juu ya uso wake na kuzizuia zisiingie mwilini.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba somo la siku hiyo, kwa mujibu wa ukurasa wa nne wa ratiba, lilikuwa kima punju na mkaa. Kima wanaoishi pembezoni mwa Jozani hula majani ya miembe na mikungu katika mashamba ya watu, majani yenye protini nyingi lakini yaliyojaa fenoli, yaani kemikali ambazo mti hujilindia dhidi ya walaji, na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mkaa ambao kima hao huokota kwenye matanuri na visiki vilivyoungua hunasa kemikali hizo. Wanafunzi walisikiliza mhadhara huo wakiwa wamejikunja chini ya mwembe, midomo yao ikiwa myeusi, na juu yao kima jike akitafuna kipande cha mkaa alichokiokota bure. Hakuna aliyeandika kitu.

Sehemu ya safari iliyobaki ilikuwa kupanda mikoko ukingoni mwa ghuba, na hapa ratiba ilikutana na mkubwa wake. Kabla ya kuondoka kwao wanafunzi walikuwa wamefundishwa kwamba Waafrika hawajali saa, basi wakapanga kazi ianze saa nne kamili asubuhi kwa siku saba mfululizo. Siku ya kwanza ilikuwa ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa vizuri saa hiyohiyo, na kila mmoja akaisifu ratiba. Bahari, hata hivyo, hufuata mwezi, na kila siku maji hukupwa takriban dakika 50 baada ya saa ya jana, bila kukosea na bila kuomba radhi. Kufikia siku ya sita, saa nne iliwakuta wanafunzi kiunoni katika kijito cha kuvukia, wakiwa wameinua miche juu ya vichwa kama waumini wa dini mpya.

Matope nayo yalichukua viatu. Buti la mpira likizama katika tope la mikoko hujaa, na mwenye nalo hupewa hiari ya kubaki nalo au kutoka bila hilo. Jozi tano zimo humo hadi leo. Mche wa mkoko, ambao huota ukiwa bado umening'inia kwenye mti mama na kurefuka kama kalamu, huchomekwa matopeni kwa ncha yake kali, lakini wanafunzi waliichukulia ncha hiyo kuwa chipukizi na wakasimamisha safu mbili nzima miguu juu. Bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akiongoza kazi alimwendea msichana wa karibu, akamwambia, "Mwanangu, huo unaupandia mbinguni." Mkalimani alitafsiri kuwa bibi anaomba Mungu aubariki mche, msichana akashukuru kwa machozi, na jioni wanawake wanne walirudi kuzigeuza safu zote mbili.

Kamera za mtego zilileta picha 412: ng'ombe, watu waliobeba kuni, paka wa mpishi, na mkufunzi mwenyewe akila biskuti zilizodaiwa kupotea.

Siku ya kuondoka gari lilipita tena Jozani. Barabara hiyo ilipotiwa lami magari yalianza kukimbia na kuua kima wengi, hadi yalipojengwa matuta ambayo yamepunguza vifo hivyo bila semina wala kamera. Dereva alichelewa kupunguza mwendo, gari likaruka tuta, na sanduku la dawa likadondoka kutoka juu. Utingo alishuka kuokota vidonge, akauliza, "Mwalimu, dawa gani hii?" Mkalimani akajibu kuwa ni mkaa. "Huu wa kupikia?" Akaambiwa ndio, na kwamba pakiti moja ni bei ya karibu nusu polo. Utingo alipanda, akamnong'oneza dereva, na dereva akacheka hadi Tunguu. Mkufunzi alipouliza kinachomchekesha, mkalimani alitafsiri kwamba dereva anafurahia hali ya hewa.