Mwongozo wa Mtu wa Katelembo, Machakos, Anayekwenda Hoteli ya Kila Kitu Ndani

Kabla ya kununua kofia pana na miwani ya jua, malizeni kwanza mambo ya chama. Hoteli kubwa ya ufuoni huuza kitanda, chakula, vinywaji na ngoma za jioni kwa bei moja, na bei hiyo hufuata majira. Desemba haishikiki. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua ikinyesha pwani, vyumba hukaa vitupu na bei hulegea, kwa hiyo chama kilichochanga mwaka mzima kingoje miezi hiyo. Itisheni bei ya wakazi na kila mtu abebe kitambulisho. Tena, mweka hazina asitume hata shilingi kabla hoteli haijajibu kwa maandishi swali moja: hicho "kila kitu" ni nini hasa? Mara nyingi soda na bia ya humu nchini zimo, ila mvinyo wa nje, safari ya mashua na kukandwa mwili hulipiwa kando. Watoto nao wana mpaka wa umri. Mweka hazina akigundua hayo pale mapokezini, asitarajie kuchaguliwa tena.

Safari yenyewe ni nyepesi. Treni ya asubuhi husimama Athi River, karibu na nyumbani kuliko stesheni ya Nairobi, na jioni haijaingia mtakuwa Miritini, Mombasa. Anayekwenda Diani siku hizi hupita barabara ya Dongo Kundu, asisubiri feri ya Likoni. Mkiwa ndani ya behewa waambieni watoto kwamba katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikwenda Mombasa kwa miguu ikibeba pembe za ndovu. Mtoto akijua hivyo hataingia pwani akijiona mtu wa kuja, na wala hana sababu: huko Shimba Hills, juu kidogo ya Diani, kuna familia za Kikamba zilizolima vizazi kadhaa. Huenda mojawapo ni ya shangazi yenu. Mpigieni simu mapema, awaandalie isyo ya mahindi na maharagwe.

Mlangoni mwa hoteli mtafungwa bangili ya plastiki mkononi. Hapo ndipo safari za wengi huishia. Kwa kuwa chakula kimeshalipiwa, mtu huona dhambi kula nje. Kwa kuwa bwawa lipo, bahari humngoja hatua 50 kutoka kitandani bila kumwona. Siku ya kwanza kula utakavyo. Onja kila sinia, rudi kwenye samaki wa kupaka mara ya pili na ya tatu, hakuna wa kukuhesabia. Usijaze tu sahani mlima usioweza kuumaliza, maana chakula hicho kinamwagwa mbele ya mpishi aliyeamka alfajiri kukipika. Na usifunge sambusa kwenye leso. Tumbili wa Diani wanajua harufu ya sambusa kuliko wewe, na watakufuata mpaka mlangoni.

Kuanzia siku ya pili, toka nje ya lango walau mara moja kwa siku. Nenda Ukunda ule mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni. Kunywa dafu kwa anayeliangua mwenyewe. Hoteli ya aina hii hukusanya pesa za mgeni hata kabla hajaondoka kwao, na mama mwenye meza ya bhajia nje ya ukuta haoni senti ya pesa hizo mpaka mgeni atoke kwa miguu yake. Jambo hili halihusu Diani peke yake. Nungwi, Unguja, ambako hoteli kubwa ya RIU Jambo ilifunguliwa mwaka 2022, ukuta ni uleule na meza za nje ni zilezile.

Kuhusu maji, mtu wa Katelembo hahitaji somo. Anahitaji ujasiri tu. Wewe uliyekua ukijua bei ya mtungi, na unayejua kazi ya kuchimba matuta ili tone la mvua lisishuke bondeni, utasimama chini ya bomba la bafuni lenye nguvu ya mafuriko. Oga, ulitoka mbali. Kisha funga. Pwani ya kusini hutegemea sana visima vya Tiwi, na Mombasa huletewa maji ya chemchemi za Mzima kutoka Tsavo Magharibi, huku mitaa mingi ikinunua kwa mikokoteni. Taulo moja yatosha siku tatu.

Bahari nayo ina ratiba yake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hurudi mbali sana. Muulize mvuvi saa za maji kabla ya kupanga kuogelea. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu miambani kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Usikanyage matumbawe, ndiyo nyumba ya samaki uliyemla jana.

Ukipita dukani hotelini, tazama vinyago kwa heshima. Kwa Wakamba ufundi huo ulianza Wamunyu, kwenu Machakos, pale Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchonga kwa namna aliyoiona huko. Tangu 1963 wachongaji wa Kikamba wana ushirika wao Changamwe. Pitieni huko mkirudi, mnunue mikononi mwa anayechonga.

Mlinzi akiwaambia wachuuzi au watoto wa kijiji kwamba mchanga ule ni wa hoteli, mwambie kwa upole kwamba Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Bangili yako haikukupa haki ya bahari kumzidi mtoto wa kijiji cha Mwabungo.

La mwisho ni fomu ya maoni inayowekwa chumbani. Usiijaze kwa "asante sana" peke yake. Uliza kwa nini sharubati ya kiamshakinywa hutoka kwenye pakiti, na maembe ya Machakos na Makueni huoza chini ya miti kila msimu, msimu uleule ambao hoteli zimejaa. Uliza mchicha umenunuliwa kwa nani, samaki kwa mvuvi gani. Andika jina la chama na namba ya chumba, kisha mwombe jirani yako wa chumba cha pili aandike vivyo hivyo. Mnunuzi wa hoteli huagiza kile ambacho wageni wanakitaka, basi tukitake.