Mheshimiwa Waziri, naomba ruhusa ya kupiga picha treni kuukuu

Kimbiji,
Wilaya ya Kigamboni,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA UNYENYEKEVU LA KUPIGA PICHA VICHWA VYA TRENI VYA DIZELI KABLA HAVIJAUZWA KWA KILO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza kabisa, shikamoo. Najua shikamoo moja haimtoshi mtu wa nafasi yako, hivyo naomba uipokee hii kwa niaba ya zote nilizopaswa kukupa tangu siku ulipoapishwa. Pili, niwie radhi kwa dakika ninazokula, ambazo bandari, viwanja vya ndege na meli za maziwa makuu zinazihitaji kuliko mimi.

Mimi ni mwananchi wa kawaida, Mheshimiwa. Sina cheo, sina chama cha kunisemea, na wala sina reli karibu na kwangu. Hapa Kimbiji, kama unavyojua kuliko mimi, tuna bahari, tuna visima virefu vya maji, tuna kiwanda cha saruji na malori yake. Reli iko ng'ambo. Nikitaka kuona treni napanda daladala, navuka kwa pantoni, nashuka Feri na kukata kwa miguu hadi Stesheni. Majirani huniuliza kwa nini nisipige picha ngalawa, ambazo ziko hapa hapa na hazidai nauli. Swali lao ni la haki, na jibu langu ndilo ninalolileta mbele yako kwa magoti yote mawili.

Ninachokipenda ni vichwa vya treni vya dizeli, hasa vile vizee. SGR, reli yetu mpya, naipongeza bila kinyongo: Dar es Salaam hadi Dodoma chini ya saa nne, mwendo wa kilomita 160 kwa saa, kimya kama hakuna kitu. Tangu safari zilipoanza Juni 2024 abiria wamejipiga picha mlangoni, dirishani na mbele ya pua ya treni, na picha hizo zimeitangaza reli yetu bila Wizara yako kulipa hata shilingi. Sijasikia abiria aliyeulizwa ametumwa na nani. Mimi, ninayependa treni ya zamani iliyosimama jirani, nimeulizwa.

Naomba nikueleze kidogo ninachokiona, usije ukadhani nimepungukiwa.

Ubavuni mwa kichwa cha reli ya kati kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni ukoo, mbili za mwisho ni chenyewe. Tuliurithi utaratibu huo kutoka Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililosambaratika pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Ukoo wa 88 ulitoka Montreal, Kanada, ukiwa na injini ya silinda 12 na nguvu za farasi zipatazo 2,000. Ukoo wa 73 ulitoka Varanasi, India, nao injini yake ni ya silinda sita. Mkanada na Mhindi, utadhani hawajuani. Lakini ukisimama karibu vikiwa vinaunguruma utagundua ni ndugu: injini zote mbili ni za muundo wa 251 wa kampuni ya Alco ya Marekani.

Undugu huo unaonekana hata kwenye moshi. Dereva anapovuta wenzo ili aondoe mabehewa, mafuta yanafika kwenye silinda kabla turbo haijashika kasi ya kusukuma hewa ya kutosha. Mafuta ni mengi, hewa ni kidogo, na bomba linatema wingu jeusi linalofunika paa la behewa la kwanza. Kisha turbo inaanza kupiga mluzi, mwembamba mwanzoni, halafu mkali. Hewa inatosha, moshi unageuka kijivu, na maungio ya mabehewa yanakaza moja baada ya jingine, mlio ukikimbia hadi mkiani. Ni sekunde chache tu. Anayezijua huwa na kamera mkononi kabla ya honi kulia.

Kwa ridhaa yako nivuke barabara niingie TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa kuwa huko chuma kinafundisha historia kuliko daftari langu la shule. Reli ile ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya wakubwa wa Magharibi kukataa kutoa fedha. Vichwa vyake vya kwanza vilikuwa vya haidroliki, kutoka Qingdao. Kwenye tambarare vilienda vizuri. Kwenye mlima kati ya Mlimba na Makambako, palipojaa mahandaki na madaraja, viliteseka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikaletwa vingine, aina ya U30C, ambavyo dizeli yake inazungusha jenereta na jenereta inalisha mota za umeme kwenye ekseli. Mwenye muundo alikuwa General Electric wa Marekani, na mtengenezaji alikuwa Krupp wa Ujerumani Magharibi.

Tafakari hilo, Mheshimiwa, ukipata nafasi kati ya vikao viwili. Reli ya Uhuru, iliyojengwa na China ya Mwenyekiti Mao kwa ajili ya Tanzania ya Mwalimu na Zambia ya Kaunda, ilifika mahali ikavutwa na vyuma vya mabepari kwa sababu mlima hauna itikadi. Mwanafunzi wa kidato cha pili akisimamishwa mbele ya kichwa kimoja cha Qingdao na kimoja cha Krupp, ataielewa siasa yetu ya kutofungamana na upande wowote kabla mwalimu hajafungua kitabu.

Sasa nifike kwenye kero, nami nitaisema polepole nisikukwaze. Siku moja nilikuwa kwenye kituo fulani. Sitakitaja, wala mlinzi, wala mwajiri wake, kwa sababu mlinzi alikuwa kazini na alikuwa na adabu kuliko wengi. Alinikuta nimeinua kamera.

“Mzee wangu, unapiga picha nini?”

“Kichwa, mkuu.”

“Kichwa cha nani?”

Nikamwonesha. Akakitazama kile kichwa, kutu mlangoni, nyasi zimeota kati ya magurudumu, kisha akanitazama mimi.

“Umetumwa na nani?”

“Sijatumwa, mkuu. Napenda tu.”

“Mtu mzima anatoka Kimbiji, anavuka maji, kuja kupiga picha treni mbovu, na hajatumwa?”

Kwa kweli, Mheshimiwa, ukiliweka hivyo hata mimi ningejitilia shaka. Nilifuta picha moja baada ya nyingine huku akihesabu, akanishukuru kwa ushirikiano, akanionesha geti.

Simlaumu. Hakuna karatasi aliyopewa inayomwambia mtu kama mimi ni mtu gani. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 wote tunaijua kwa jina na tunaiheshimu kwa hofu. Ninachothubutu kukuuliza, tena kwa sauti ya chini, ni kama adui wa Taifa hili kweli anahitaji picha yangu ya kichwa kisichowaka.

Uingereza walilijibu swali hilo mabomu yakiwa yanadondoka. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, karani kijana wa reli ya kusini mwa nchi hiyo, Ian Allan, alichoka kujibu barua za watu waliotaka kujua namba za vichwa. Akazikusanya zote katika kijitabu na kukiuza. Kiligombewa, vikafuata vingine, na taifa zima la watoto likaanza kusimama mwisho wa majukwaa na penseli mkononi. Vita ile hawakushindwa.

Wapo pia waliolijibu kwa njia ndefu. Novemba 2001, Ugiriki iliwakamata Waingereza 12 na Waholanzi wawili waliokuwa wakiandika namba za ndege kwenye uwanja wa kijeshi wa Kalamata. Wakahukumiwa kama majasusi na wasaidizi wa majasusi. Mwaka mmoja baada ya kukamatwa, mahakama ya rufaa ikawaachia huru. Serikali zilisumbuana mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyekuwa amesikia kwamba mtu anaweza kupenda namba bure. Nisingependa Wizara yako tukufu ipoteze hata wiki moja kwa namna hiyo, hasa kwa ajili yangu.

Majirani zetu wameshatutangulia, na hapa naomba uketi vizuri. Makumbusho ya Reli ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1971, enzi za shirika letu la pamoja. Ukiingia utakuta kichwa kikubwa cha mvuke namba 5918, kilichojengwa Manchester miaka ya 1950. Kinaitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wa Longido. Utakuta na namba 5930, Mount Shengena. Shengena ni mlima wa Upare. Utakuta na namba 3020, Nyaturu, na Wanyaturu, Mheshimiwa, ni watu wa Singida. Milima yetu miwili na kabila letu moja wametunzwa Nairobi, na mgeni analipa kiingilio ndipo awapige picha kwa raha zake. Uganda nao wamefungua makumbusho yao ya reli pale Jinja.

Mvuke, basi, umepata wa kuutunza. Dizeli haijapata, kwa sababu imekuwa kazini hadi juzi na hakuna anayemwona mzee kuwa urithi wakati bado anabeba mzigo. Siku zinakwisha. SGR imechukua abiria wa Morogoro na Dodoma. Septemba 2024, jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kuifufua TAZARA, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote. Lakini reli ikifufuliwa huja na vichwa vipya, na vile vya zamani hupelekwa nyuma ya karakana. Huko huwa ni stoo ya vipuri kwanza, kisha chuma chakavu, kisha nondo.

Kwa hiyo, nikiwa nimeinamisha kichwa hadi karibu na magoti, naomba mambo matatu.

La kwanza, mwongozo wa ukurasa mmoja, wenye muhuri, ubandikwe kila stesheni: mahali panaporuhusiwa kupiga picha, mahali pasiporuhusiwa, na nani wa kumuomba ruhusa. Uwe mkali utakavyo. Tukatazwe kukanyaga reli, kummulika dereva kwa taa ya kamera, kukaribia vyumba vya ishara na mizigo ya jeshi. Tutatii kwa furaha, maana mwenye kukatazwa kwa maandishi anajua pia alichoachiwa. Na mlinzi naye atapata la kusoma badala ya kukisia.

La pili, kabla ya mnada wowote wa vyuma, kila ukoo ubakize kichwa kimoja: 88 kimoja, 73 kimoja, Krupp kimoja, na cha Qingdao kama kingalipo. Havihitaji jengo la mabilioni. Vinahitaji kipande cha reli iliyokufa, bati la kukinga mvua, na kibao kinachosema kilitoka wapi, kilivuta nini, kilistaafu lini. Karakana ya Morogoro ina mafundi wanaovijua vichwa vya reli ya kati kwa mlio. Waulizwe wakiwa hai.

La tatu, sisi wapiga picha tuitwe. Nakala za picha zetu tutazitoa bure kwa Shirika la Reli na kwa TAZARA, zenye tarehe na namba. Hatutaki posho ya kikao, Mheshimiwa. Chai tutakuja nayo.

Nimalizie kwa kukukumbusha, bila nia ya kukushawishi hata kidogo, kwamba mwaka 2012 mmoja wa watangulizi wako, Dk. Harrison Mwakyembe, alianzisha treni ya abiria wa jiji, ikivutwa na dizeli hizi hizi. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe bila kuagizwa na mtu. Mawaziri wengi wamejenga mengi, lakini wachache wamepewa jina na abiria wa Buguruni na Ubungo Maziwa. Makumbusho ya kwanza ya dizeli nchini bado haina jina.

Kwa sasa hali iko hivi: kichwa kikiwa kinawaka ni siri ya Taifa, kikizimika ni chuma cha kupimwa kwa kilo. Kati ya siri na kilo, hakijapewa hata siku moja ya kuwa kumbukumbu. Siku hiyo moja ndiyo ninayokuomba, na unaweza kuitoa kwa saini yako kabla ya mnada ujao.



Wako mtiifu, asiyetumwa na mtu,

Mpiga picha wa vichwa,
Kimbiji.