Vigae vya Shaba: Tuhesabu Kabla Hujamwita Fundi

Umeona nyumba iliyoezekwa kwa vigae vya shaba na moyo umekuruka. Wangu pia huruka. Lakini tuhesabu kwanza kutoka sita. Ukifika moja bado unaitaka, basi mapenzi yako ni ya kweli.

6. Uzito. Usiiogopee kenchi. Shaba ya unene wa milimita 0.6 ina kilo tano na ushee kwa mita moja ya mraba. Vigae vya saruji hufika kilo 40 na zaidi. Kenchi itakushukuru.

5. Rangi. Itakuja inang'aa, igeuke kahawia, na baada ya miaka mingi iwe kijani. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipozinduliwa 1886 ilikuwa na rangi ya shaba; ukijani wake umeletwa na hewa na mvua. Chumvi ya bahari huharakisha mambo, kwa hiyo wa Kigamboni atauona kabla ya wa Dodoma. Ukijani huo hautoboi paa, unalilinda. Akija mtu na brashi ya waya kukusugulia bure, mpe chai, ufiche ngazi.

4. Wezi. Anayethubutu kukata nyaya za umeme hashindwi na kigae kilicho usawa wa mkono. Shaba ikae juu.

3. Bei. Inauma. Shaba ya Zambia imekuwa ikipita kwa reli ya TAZARA kwenda bandari ya Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Tunaipungia mkono, inapanda meli. Vigae uvilipie kwa bei ya soko la dunia. Hata hivyo, paa la shaba lililoezekwa vizuri huvuka miaka mia, kwa hiyo wajukuu nao wachangishwe!

2. Misumari. Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri zinapoharibikia. Shaba ikigusana na zinki au alumini penye maji, inayoliwa ni ile nyingine. Msumari wa mabati utakwisha, kigae kibaki kikitafuta pa kushika. Hata maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hutafuna gata la bati na mabati ya banda lililo chini. Taka misumari ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu, na gata la shaba au la plastiki. Fundi akisema "msumari ni msumari tu, bosi," mlipe nauli arudi kwao.

1. Tangi. Mvua huondoka na shaba kidogo kila inaponyesha. Kama familia hunywa maji ya paa, usiezeke nyumba nzima kwa shaba, hata ukipewa bure. Mimi ningeiweka kwenye kipaa kidogo cha dirisha la ghorofani, ionekane toka barabarani, na maji yake yapite bomba la peke yake. Bomba hilo lisielekee bwawa la samaki: shaba huwaua, na perege wako hawakuomba paa.