Nimefungwa Mkononi

Nilikuwa bado na kete 13 kiganjani pale mzee wa kofia ya viua aliponyoosha mgongo, akapokea kikombe chake cha kahawa na kusema, "Haya, mpishe mwenzio." Nikamtazama. Nikautazama ubao. Safu yangu ya mbele ilikuwa mashimo matupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na hizo zilizobaki kazipande," akasema mtu nyuma yangu, na baraza zima likaangua kicheko. Niliondoka kwa hasira hadi kwenye kona ya duka la mkate, ndipo nikaitwa kwa sauti mtaa mzima usikie: "We bwana, rudisha komwe za watu!"

Kufungwa kwa kawaida kuna heshima yake. Kete zote zimeshaingia ubaoni, mmetesana vya kutosha, mmoja anaishiwa. Kufungwa mkononi, yaani huku kete nyingine hujaziingiza bado, ni jeshi kuuawa kabla halijatoka kambini.

Ambaye hajawahi kukaa mbele ya bao la Kiswahili atadhani nazidisha. Basi asikilize. Ubao una safu nne za mashimo manane, mbili zangu, mbili za adui. Kete ni 64, za komwe, kila mtu 32. Lakini unaanza na 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 unazo wewe, na unaziingiza moja moja kila zamu ikikufikia. Huko ndiko kunamua. Ukiitia kete kwenye shimo lako la mbele lenye kitu, na shimo la adui linalolikabili nalo lina kitu, umekula.

Sasa, michezo mingine hapo ingekwambia weka mateka pembeni. Bao halina pembeni. Mateka wanakuwa askari wako papo hapo: unawazoa, unaanzia kichwa, shimo la mwisho la safu yako ya mbele, la kushoto au la kulia, unawagawa mmoja mmoja. Wa mwisho akiangukia penye wenzake, na ng'ambo kuna cha kuliwa, unakula tena na kuanzia kichwa tena. Ng'ambo kukiwa kutupu, unazoa zote za shimo hilo na kuendelea na mwendo. Unasimama tu ukiangukia shimo tupu, hapo umelala. Hakuna kete inayokufa. Zile 64 za mwanzo ndizo 64 za mwisho, zinabadilisha uraia tu. Na ukila kwenye kichwa au kwenye kimbi, shimo la jirani yake, huchagui upande: lazima uanzie kichwa cha upande huohuo. Kwa hiyo fundi akitaka, anakugeuzia mwendo wako mwenyewe kwa kukuwekea kete mahali fulani. Nilipoligundua hilo nilikosa usingizi, na si kwa uchungu. Ni kitu kizuri mno.

Tatizo ni kwamba kula ni lazima. Huwezi kusema, asante, nimeshiba.

Ushauri pekee niliowahi kupewa pale barazani ni "tunza nyumba yako". Nikaitunza. Kete ya mwisho ikiingia nyumbani wakati wa kula, na ng'ambo hakuna cha kuliwa, una hiari: ulale, au usafiri nazo zote. Nikawa nalala. Nyumba ikanenepa, ikafika kete 11, na mimi nikajiona tajiri. Nyumba ya mzee haikukabiliana na yangu, maana nyumba hizi zimepishana kwa shimo moja, nami nikadhani hiyo ni salama. Kumbe kwenye shimo linaloikabili yangu alikuwa ameshalaza kete moja ya kimyakimya, tangu zamani, wakati anasimulia habari za bei ya pweza.

Akaniachia kete mbili mbele ya kichwa changu cha kushoto. Sikuona kingine cha kula, na kula ni lazima. Nikala. Moja ikaenda kichwani, ya pili ikaangukia kimbi tupu. Nimelala. Akatia kete moja tu, tena bila kuangalia, akazoa nyumba yangu yote. Mkono wa kulia ukazunguka, ukala, ukazunguka, ukala. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kahawa, na kahawa haikumwagika. Watazamaji walianza kucheka kabla hajafika nusu. Walishajua atalala wapi.

Hilo la kujua ndilo linaloniuma. Wale wazee wanaona mizunguko mitatu mbele, kete kwa kete, lakini ukiwauliza wanaonaje, jibu ni "we tazama tu". Nimetazama. Ukitazama mkono wa fundi unaona mkono. Kisha hao hao, kahawa ya pili ikifika, wanalalamika kwamba vijana siku hizi ni simu na mpira, bao linakufa, nani atalirithi. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alichapisha kitabu kizima kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao. Yeye katoka Uholanzi akapata cha kuandika. Mimi nimezaliwa hatua chache kutoka baraza hilo, nikiuliza swali naambiwa nasumbua. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, lakini nani angethubutu kumwambia rais kazipande? Mchezo hauuawi na simu. Unauawa na watu wanaoona raha kubwa zaidi kumcheka mgeni kuliko kupata mpinzani.

Nilirudi, bila shaka. Nikafungwa na muuza kahawa, aliyekuwa akihudumia wateja katikati ya zamu. Nikafungwa na mtu aliyekuja kuuliza njia.

Mzee wa kofia akanionea huruma ya aina yake: "Mwanangu, nenda kacheze la kujifunza kwanza." Hilo ni la watoto, kete mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua, hakuna nyumba ya kuvunjiwa. Nikaazima ubao, nikamkalisha mpwa wangu wa darasa la nne. Akanifunga. Nikamuuliza amejuaje kwamba atalala pale. Akashangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa, akanionyesha kwa kidole: zihesabu zilizomo shimoni, ruka moja kwa moja hadi itakapoangukia ya mwisho, usizifuate njiani. Mzunguko wa pili atanifundisha Jumamosi, kwa ubuyu wa shilingi 500, na ametaka nilipe kwanza.