Mwongozo wa Kuumwa Kiuno kwa Mtu Mwenye Ndugu Wengi

Umeinama kuokota ndala, au umenyanyua ndoo ya lita 20 huku umejipinda kumjibu mtu, kiuno kikalia "ka!" Sasa moto unashuka takoni, pajani, mpaka vidole vya mguu. Pole sana. Kuanzia leo mgongo wako ni mali ya ukoo, na mwongozo huu umeandaliwa ili uvuke salama.

1. Ujue ugonjwa, ila usiuelezee

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski 23, zenye ukuta mgumu pembeni na ute mzito katikati. Ukuta ukichanika, ute hupenya nje na kuusumbua mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Mara nyingi inayochanika ni mojawapo ya zile mbili za chini kabisa, zinazobeba mzigo mkubwa. Usimweleze mgeni yeyote habari hizi. Keshaambiwa njiani kwamba pingili zako zimesagika, na ukikataa ataona huumwi.

2. Wapokee wachuaji kwa adabu

Shangazi atafika kabla ya chai, chupa ya mafuta ya nyonyo mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Lala kifudifudi nikukanyage kidogo, itarudi yenyewe."

"Daktari amekataza."

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

Swali hilo halina jibu. Mwache akupake mafuta taratibu, maana kuchuliwa kwa mkono mwepesi hutuliza misuli iliyokaza. Ukiona anavua kandambili, shikwa na haja ya choo. Kisigino hakirudishi ute ndani ya diski.

3. Lala sakafuni, kama una nafasi ya kuumwa

Mjomba ataamuru ulale kwenye sementi mwezi mzima. Ni njia nzuri ya kuumwa mwezi mzima. Zamani hata madaktari waliagiza kitanda kwa wiki kadhaa. Siku hizi wanasema pumzika siku moja au mbili maumivu yakizidi, kisha tembea, hata kama ni kwenda kwa muuza vocha na kurudi, kwa sababu misuli isiyotumika hunyong'onyea na mgongo ukakosa wa kuushika. Na sementi ina kesi ya kujibu: utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa 2003, wa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, ulionyesha kuwa godoro la ugumu wa wastani liliwasaidia kuliko lile gumu.

Kuamka nako kuna utaratibu. Geuka ubavu, shusha miguu nje ya kitanda, jisukume kwa mkono. Anayekuvuta mikono yote miwili kwa upendo, mtume maji.

4. Piga picha mapema, upate cha kuonyesha

Kipimo cha MRI kitakutoa hela nyingi, na picha itasambaa kwenye kundi la ukoo, ambako itasomwa na kila mtu, wengine wakiwa wameishika juu chini. Usishangae ikionyesha kasoro. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau diski moja iliyotuna. Daktari ataiomba picha akiona dalili za hatari, au wiki zikipita bila nafuu.

5. Tafuta mtu wa kukusahau

Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mgonjwa mwenye maumivu ya mguu alilala kifudifudi kwenye kitanda cha kliniki ambacho upande wa kichwani ulikuwa umeachwa juu, mgongo wake ukapindia nyuma. Mtaalamu wake, Robin McKenzie, alikuwa na shughuli kwingine. Aliporudi alishtuka, mgonjwa akamwambia mguu haujawahi kuwa na nafuu kama ile kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo yalipoanzia mazoezi yanayofundishwa leo duniani. Kipimo chake ni rahisi: zoezi likiyatoa maumivu mguuni yakapanda kiunoni, endelea; likiyashusha kuelekea vidoleni, acha. Ungekuwa na shangazi chumbani, ugunduzi huo usingetokea.

6. Mzaha ukomee hapa

Ganzi ikikushika sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, choo kikikuponyoka, miguu yote miwili ikilegea au unyayo ukiburuta, nenda hospitali usiku huohuo. Hapo saa zinahesabika. Homa, kutoka jasho usiku na kupungua uzito pia si mambo ya mafuta ya nyonyo. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na kina dawa.

7. Gawa sifa kwa uangalifu

Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Chembe za kinga za mwili huula polepole ule ute uliotoka, bila kumwambia mtu. Sifa atazichukua aliyekuja wa mwisho, hata kama alileta machungwa tu. Mpe sifa, mpe na soda. Mgongo usimpe.