Namna ya Kuonja Tumbaku ya Kiko Ukajua Ulichoonja

Mtu akivuta tumbaku ya kopo jekundu asubuhi kabla ya chai, kesho yake akavuta ya kopo la kijani usiku baada ya pilau, kisha akatangaza barazani kwamba ya kijani ndiyo kiboko yao, huyo amelinganisha njaa na shibe. Tumbaku yenyewe haikupata nafasi ya kusikilizwa. Watu wa namna hii hubishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama, kila mmoja amelikumbatia kopo lake, na hakuna aliyewahi kuvuta la mwenzake. Mwongozo huu ni wao. Jani hili hupita mikono mingi sana kabla ya kufika kwenye kopo, na mikono hiyo inastahili mvutaji anayejua kilichomo mdomoni mwake.

Kwanza lile lisilo na utani. Tumbaku inaua, na kiko hakikupewa msamaha. Moshi wa kiko kwa kawaida haushushwi mapafuni, lakini saratani ya mdomo, ya ulimi na ya koo haihitaji mapafu ili ianze kazi yake. Kama huvuti, usianze kwa ajili yangu. Chukua sehemu ya pua na vidole, ile ya moto waachie wenyewe. Wala hutakuwa mwanafunzi wa nyuma darasani. Wateuzi wa tumbaku kwenye masoko ya Tabora na Urambo hupanga madaraja kwa kutazama rangi ya jani, kulishika na kulinusa, na kazi yao hiyo haihitaji kiberiti.

Basi fungua kopo, lakini usiingize pua papo hapo kama anayetafuta pete iliyopotea. Harufu ya kwanza ni ya hewa iliyofungiwa humo kwa miezi au miaka, mara nyingi ina uchachu kama wa siki. Iache itoke. Chukua tumbaku kidogo, isugue kati ya dole gumba na cha shahada mpaka ipate joto la mwili, ndipo unuse. Rudia. Utashangaa kuona kwamba mamia ya makopo yenye majina ya kifalme yametokana na koo chache tu za majani, na kinachozitofautisha zaidi ni jinsi jani lilivyokaushwa.

Virginia ndiyo ile wakulima wetu wa Urambo, Kaliua na Chunya wanayoiita tumbaku ya mvuke. Jani hupangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto ukawaka tanuruni, joto likapita kwenye mabomba bila moshi kuligusa jani. Joto la mwanzo ni la polepole, jani ligeuke manjano. Halafu hupandishwa ili jani likauke upesi, kabla halijamaliza sukari yake. Mkulima anayekesha banini kwa karibu wiki nzima akipima joto analinda utamu utakaoonjwa na mtu wa Kendal au Copenhagen. Nusa: kuna majani makavu yaliyopigwa na jua, mkate uliotoka motoni, na kwenye kopo lililokaa miaka, embe lililokaushwa.

Burley ni tumbaku ya hewa. Hutundikwa kivulini kwa wiki nyingi, jani likifa taratibu huku likila sukari yake lenyewe, na linapokauka utamu umekwisha. Burley nyeupe, inayolimwa sana Malawi, ilianzia Ohio mwaka 1864, pale mkulima George Webb alipoona miche ya rangi hafifu isiyo ya kawaida. Ladha yake ni ya karanga za kukaanga na kakao isiyotiwa sukari. Kwa kuwa haina utamu na hunyonya sana, viwanda huinywesha vanila, asali, pombe tamu na kila kinachonukia. Ukinusa vanila, andika vanila. Usiandike kwamba umenusa tumbaku.

Kisha kuna ukoo wa moshi, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo msomaji wa Kiswahili anapowazidi wenye makopo. Songea na Namtumbo hulimwa tumbaku ya moshi: magogo huwashwa ndani ya bani na moshi wenyewe ndio unaolikausha jani, likatoka la kahawia iliyokolea, zito, kali. Latakia nayo ilichukua jina la bandari ya Syria, ingawa leo sehemu kubwa hutoka Saiprasi. Majani madogo yaliyokwisha kaushwa juani hutundikwa juu ya moto wa misonobari na vichaka vyenye manukato, mhadasi ukiwamo, mpaka yawe meusi. Waingereza wameandika kurasa na kurasa wakiitafutia Latakia maneno: tandiko la farasi, turubai la meli, lami. Mtu wa pwani hana haja ya kupanda farasi. Mwekee Latakia puani atakwambia mara moja kuna ubani kwenye chetezo, na nyuma ya ubani kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wa Mwanza atakwambia ni sangara. Ameonja sawasawa, na maneno yake yana manufaa kwa jirani yake kuliko tandiko la mtu wa Devon.

Naisisitiza nukta hii kwa sababu nimechoka kusoma wavutaji wa kwetu wakiandika kwamba mchanganyiko fulani una ladha ya plamu na tini, matunda ambayo hawajayala mara mbili. Ladha ni kumbukumbu. Asiyekula tini hawezi kuionja kwenye moshi. Anainakili tu kutoka kwenye lebo. Tunayo sukari guru, ukwaju, ubuyu, zambarau, kungumanga, udi, ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Chukua Perique, ile ya parishi ya St. James huko Louisiana, ambayo majani yake hushindiliwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya wiski na kubanwa kwa jeki, yachache kwa karibu mwaka mzima ndani ya maji yake yenyewe, yakitolewa mara kadhaa kupata hewa na kurudishwa. Unaponusa utakuta zambarau zilizoiva kupita kiasi, ukwaju, na pilipili manga inayopanda puani. Sema hivyo.

Sasa moto, kwa wale waliokwisha amua.

Tumbaku nyingi za kopo zimelowa mno kuvutwa, na tumbaku iliyolowa hutoa mvuke, na mvuke ndio unaochoma ulimi. Watu wamezitukana tumbaku nzuri kabisa kwa kosa la maji. Tandaza kiasi cha kujaza bori moja, kile kichwa cha kiko, kwenye karatasi nyeupe, iache ipate hewa, kisha ibonye. Ikishikamana ikabaki tonge, bado. Ikivunjika kwa mlio kama jani la mgomba lililokauka, umechelewa. Ikibonyea halafu ikajifungua yenyewe pole pole, iko tayari. Kila mchanganyiko unaoulinganisha ufikishwe hali hiyo hiyo, la sivyo utakuwa unaonja ukavu na ubichi. Jaza bori chini kwa mkono mwepesi, juu kwa mkono mzito zaidi, mpaka uvute hewa bila kutumia nguvu. Washa, acha tumbaku ya juu ivimbe, ishindilie taratibu, washa tena. Kikizimika, washa mara ya tatu bila aibu. Anayejisifu kwamba kiko chake hakizimiki mara nyingi anakivuta kwa pupa, bori linawaka moto, na sukari ya Virginia inaungua ikabaki uchungu.

Vuta kidogo, mara kwa mara, kwa pumzi ya mtu anayesikiliza hadithi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawajafundishwa: ukiwa na moshi mdomoni, sukuma kiasi kidogo utokee puani. Ulimi unajua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ladha ya mchuzi. Mengine yote unayoyaita ladha ni kazi ya pua. Asiyepitisha moshi puani anaonja robo ya kopo alilolilipia lote.

Nikotini pia ina sauti yake. Moshi wa Burley na wa majani meusi mazito huelekea kuwa na alikali zaidi kuliko wa Virginia, na nikotini yake hupenya kwa urahisi kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukipatwa na kwikwi, jasho jembamba au kizunguzungu, weka kiko chini. Huo ni ukali, na ukali si ubora, ingawa vijana wengi hupenda kuvichanganya. Onja ukiwa umekula, tena chakula kisicho na kitunguu kibichi wala pilipili, na chumbani pasifukizwe chochote.

Kiko chenyewe kina fitina. Vile vya mzizi wa briar, kama vya Saint-Claude kule Ufaransa, ni vizuri sana, ila mti huo haufuti kumbukumbu: ukivutia Latakia leo, Virginia ya wiki ijayo itanuka samaki. Kwa kulinganisha tumia viko vinavyofanana, vilivyo safi, na vya bei ndogo. Vya gunzi la mahindi, vinavyotengenezwa Washington, Missouri, tangu mwaka 1869, vinafaa sana. Bora kuliko vyote kwa kazi hii ni mershaumu, lile jiwe jeupe jepesi linalonyonya maji ya moshi na lisilong'ang'ania harufu ya jana. Wengi hudhani lazima litoke Eskişehir, Uturuki. Lilichimbwa hapa hapa pia, Sinya, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya chini ya Kilimanjaro, na Arusha palikuwa na kiwanda kilichotengeneza viko vya jiwe hilo, vingine vimevishwa ngozi, vyenye alama ya tembo na jina la biashara KIKO. Hadi leo wakusanyaji wa viko wa Ulaya na Marekani hununua vile vilivyobaki. Mwenye mzee aliyeacha kimoja kabatini akikague kabla ya kukitupa.

Sasa tufike kwenye adui mkubwa wa mwonjaji, yaani jina. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, mwaka 1907, akawa anachanganyia kila mteja tumbaku ya kumpendeza na kuiandika kitabuni kwa namba. Mojawapo, 965, ikaja kuuzwa kwa makopo duniani kote. Duka hilo hilo lilikuwa na Early Morning Pipe ya asubuhi na Nightcap ya usiku, na umati wa watu wazima wakatii maagizo ya kopo. Mwaka 2018 tumbaku za Dunhill zilisimamishwa, kisha zikarudi kwa jina la Peterson, na ubishi ukaanza: ladha ni ile ile au imebadilika? Ubishi huo hauishi kwa mdomo. Unakatwa na mabori matatu.

Mwombe mkeo, mumeo, au rafiki asiyevuta, ajaze viko vitatu vya namna moja bila wewe kuona: viwili tumbaku moja, cha tatu tumbaku nyingine, kila kimoja na herufi chini yake. Ajiwekee siri yake kwenye bahasha. Vuta kimoja kwa siku, saa ile ile, baada ya mlo wa aina ile ile, kwa sababu ulimi uliochoka hauwezi kutoa ushahidi. Andika papo hapo, kabla hujazungumza na mtu: utamu, moshi, uchachu, ukali, mwanzo wa bori, katikati, mwisho. Kisha taja kile kilicho tofauti, ndipo bahasha ifunguliwe. Ukikosea, rudia. Ukikosea tena na tena, basi kwako wewe tumbaku hizo mbili ni moja. Nunua ya bei nafuu, na fedha iliyobaki uiweke pembeni.

Jambo la mwisho la kuandika ni asili ya jani, na hapa nina dai. Makopo hutaja Louisiana, Saiprasi, Uturuki, Kentucky. Jani letu likitajwa, mara nyingi huandikwa "Afrika" tu, kana kwamba bara zima ni shamba moja lenye udongo mmoja. Mvinyo hauuzwi kwa jina la "Ulaya". Basi muulize muuzaji, mwandikie mwenye kiwanda: Virginia hii ni ya nchi gani, wilaya gani, msimu gani? Akijibu, yaandike hayo kwenye chupa ya kioo unayohifadhia sampuli yako. Asipojibu, andika kwenye chupa kwamba hakujibu, na umuulize tena msimu ujao.